Gundi ya Mlango wa Jiko



Baridi inabisha hodi hapa jimboni Maine, na wengi wenu mmeanza kukagua majiko ya kuni. Ile kamba ya nyuzi za kioo inayozunguka mlango ikichakaa, hewa hupenya, moto huwaka usivyotaka, na kuni huisha kabla ya usiku kuisha. Kuipima si kazi: banisha kipande cha karatasi mlangoni, kisha kivute. Kikitoka bila kugoma, kamba imechoka.

Kamba mpya haina matata. Matata yako kwenye gundi inayoishika mlangoni. Dukani zote huwekwa rafu moja, na zote hushika vizuri chuma kikiwa baridi. Silikoni nyekundu, ile ya mafundi magari, nyingi huishia nyuzi joto 300 na ushei. Moto mkali ndani ya jiko hupita 600. Inayofaa ni ya sodiamu silikati, iliyotengenezwa kuhimili hadi 1000. Nayo haishiki juu ya mabaki: sharti ukwangue gundi kuukuu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. (Jiko likiwa la zamani sana, usiliguse, kamba yake huenda ina asbestosi. Mwite anayejua.)

Paulo, katika 1 Wakorintho 3, anasema kazi ya kila mjenzi itapimwa kwa moto. Nikisoma hapo nawaza tunavyopatanisha watu kanisani. Ndugu wawili wamegombania fedha za upatu, na harusi ni Jumamosi. Wazee wanawakalisha, wanawaombea, wanawashikanisha mikono, picha inapigwa. Deni halikutajwa. Hiyo ni silikoni. Ukija msiba wa kwanza wenye mchango, inaachia, na moshi unajaa nyumba nzima.

Zakayo wa kwenye Injili hakupatana hivyo: alisimama mbele ya watu, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kumrudishia mara nne yeyote aliyemdhulumu. Alitaja kiasi. Sisi tunakwepa kutaja kiasi, tunauita ukwepaji huo hekima, na nadhani wazee wetu wanapenda tu kikao kiishe mapema. Hata gundi ya jiko haiharakishwi: huachwa ikauke mlango ukiwa umefungwa, kisha huanziwa moto mdogo.

Basi wiki hii, mwenye deni la mwenzake amwendee, alitaje kwa kiasi chake, na wapange siku ya kulipa, kabla hatujakutana mezani pa Bwana Jumapili.