MWENYEJI NI NANI?

Katika wilaya yetu ya Kilosa, toka kingo za mto Mkondoa hata Mikumi, hakuna neno litajwalo sana siku ya ugomvi kama neno hili "mwenyeji". Kila mmoja husema, "Mimi ni mwenyeji, wewe umekuja tu." Ni neno jepesi kinywani, lakini limeleta machozi mengi. Basi twaona yafaa tuulizane: mwenyeji hasa ni nani?

Kwanza tukumbuke nchi yetu ilivyo. Ni nchi ya njia. Atokaye pwani kwenda bara hukuta milima imemzuia mbele, naye hana budi kutafuta mlango. Na bonde la Mkondoa ni mlango mmoja wa milima hiyo. Hapo kale misafara ya wapagazi ilipita huku. Mwaka 1871 Stanley alipita akimtafuta Livingstone, akapata taabu kubwa katika matope ya Mkata, kwa kuwa zilikuwa siku za masika. Wadachi walianza kujenga reli toka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafuata bonde letu, hata ikafika Kigoma mwaka 1914. Baadaye barabara kuu iendayo Zambia ilipitishwa Mikumi, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme hupenya milima ya Kilosa kwa mahandaki. Tena tangu mwaka 1964 Mikumi ina Hifadhi ya Taifa, na watu wa nchi za mbali huja kutazama tembo, nyati na twiga. Sisi, basi, tumejenga mlangoni, na akaaye mlangoni hawezi kusema hataki kuona wageni.

Wako wasemao kwamba mwenyeji ni yule aliyetangulia. Neno hili lina haki ndani yake. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda walilima milima hii kabla ya reli na kabla ya barabara, na si vema kuwasahau. Lakini tukianza kuhesabu, tutaishia wapi? Hata wazee wa Wakaguru husimulia koo zao zilivyosafiri kabla ya kukaa. Tena mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba yaliwaita vibarua toka mbali. Wengine hawakurudi kwao. Wajukuu zao wamezaliwa hapa, na makaburi ya babu zao yako hapa. Je, hao tuwaite wageni mpaka lini? Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hawakusema siku ya tatu mfukuze. Nasi tukiisha kumpa mtu jembe, akalima pamoja nasi na kuzika pamoja nasi, tumemwingiza nyumbani kwa mikono yetu wenyewe.

Hesabu hii ya nani alitangulia imekwisha kutugharimu damu. Mkulima husema, "Ng'ombe wako wamekula mahindi ya watoto wangu." Mfugaji hujibu, "Njia hii ya kwenda majini, baba yangu aliipitisha mifugo kabla hujalima." Kila mmoja ana kweli yake, na kila mmoja huikataa kweli ya mwenzake. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulifika Rudewa Mbuyuni, wakauawa watu 38, na miongoni mwao wanawake na watoto. Wale watoto hawakujua nani alitangulia.

Wengine husema kwamba mwenyeji ni mwenye karatasi. Hao na waende Msowero, papa hapa wilayani kwetu. Mwezi wa Novemba mwaka 1884 Carl Peters alimfikia Mangungo wa Msowero, akamtilisha alama katika karatasi iliyoandikwa kwa Kidachi, yaani lugha asiyoijua mtia alama. Februari mwaka 1885 Kaisari wa Wadachi akatoa hati ya kuzilinda nchi zile zilizoandikwa katika karatasi za Peters. Je, Peters alikuwa mwenyeji wa Usagara? Wengi husema kosa la Mangungo lilikuwa kumpokea mgeni. Sisi hatuoni hivyo. Kumpokea mgeni ni kumpa chakula na mahali pa kulala. Si kumpa nyumba. Ubaya ulikuwa kwake yeye aliyekula chakula, kisha akaondoka na mlango. Wala hatudharau karatasi. Hati ya shamba humsaidia mjane na yatima wasinyang'anywe. Lakini karatasi ni shahidi tu: ikishuhudia haki iliyopo, na pande zote zikielewa, ni njema, ikiwa haki haipo, haiwezi kuizaa.

Liko jibu la tatu, kwamba mwenyeji ni atunzaye. Tutazame mto wetu. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yalibomoa reli na nyumba, na maelfu ya watu wa Kilosa wakakaa katika mahema. Maji hayakuuliza kabila la mtu. Akataye miti mlimani na alimaye hata ukingoni mwa mto humtendea vibaya jirani wa chini, hata kama babu zake kumi walizaliwa papo hapo. Vivyo hivyo Mikumi, ambako barabara hupita ndani ya Hifadhi mwendo wa kilomita 50 hivi. Dereva mpitaji apunguzaye mwendo usiku ili asimgonge mnyama, saa ile afanya kazi ya mwenyeji. Na kijana wa kijijini ategaye mitego ya waya ameuacha uenyeji wake.

Lakini tujihadhari. Mtu mwenye nguvu aweza kuja akasema, "Mimi nitaitunza nchi kuliko ninyi, ondokeni." Wale wa mwaka 1885 nao waliita hati yao ya ulinzi. Kwa hiyo kutunza hakufuti haki ya aliyetangulia, ila hutufundisha haki hiyo ni ya kazi gani. Aliyetangulia ana haki ya kusikilizwa kwanza. Hana haki ya kuishi peke yake. Aliyekuja nyuma ana haki ya kupewa jembe. Hana haki ya kumtoa aliyempa.

Basi, ndugu wasomaji, shauri likija barazani, la mpaka au la mifugo au la maji, tusianze kwa kuuliza, "Babu yako alitoka wapi?" Tuulize, "Mto huu unautendea nini, na jirani yako akuonaje?" Kisha kila anayeuliza na ajibu yeye kwanza.