Mkono wa Kazi

Katika Marko sura ya 3 tunamkuta sinagogini mtu mwenye mkono uliopooza. Wakubwa wa dini wamemkodolea macho Yesu. Mgonjwa hawana habari naye. Yesu anamwita asimame katikati ya watu, kisha anamwagiza aunyooshe mkono. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu, anaongeza kwamba ulikuwa mkono wa kuume. Mkono wa kazi, basi.

Huku kwetu mkono wa kazi ni wa mama anayeponda mawe ya dhahabu Nyarugusu au Rwamgasa, akivuta vumbi la karasha tangu alfajiri. Mkipeana naye amani kanisani, tazameni: vifundo vya vidole vimevimba, mikono yote miwili, na asubuhi hawezi kufunga kanga mpaka saa nzima ipite. Watu husema ni uzee, naye hajatimiza miaka 40. Wengine hunong'ona kwamba karogwa au, vibaya zaidi, kwamba mchawi ni yeye. Usukumani twajua minong'ono hiyo imeishia wapi: vikongwe wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu.

Hii ni baridi yabisi. Kinga ya mwili imemgeukia mwenyewe na kuvila viungo vyake. Vumbi la mawe nalo linashukiwa tangu zamani; mwaka 1953 daktari Anthony Caplan aliandika juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe kule Wales waliokuwa na ugonjwa huu pamoja na madoa mapafuni. Lisilosemwa dukani anakonunua vidonge ni kwamba uvimbe haukomei vidoleni. Husafiri na damu, huchakaza mishipa, mafuta yakaganda humo kabla ya wakati. Hatari ya mama huyo kupata ugonjwa wa moyo huzidi ya wenzake kwa karibu nusu. Na diklofenaki anayomeza kila siku hutuliza maumivu huku ikipandisha presha. (Sikatazi mtu kutuliza maumivu, nakataa aishi kwa vidonge bila kupimwa.)

Yule wa sinagogini alitolewa pembeni akawekwa mbele ya wote. Jumuiya yenye mama wa namna hii ichange nauli, mmoja amsindikize hospitali ya mkoa, na ikibidi hadi Bugando, Mwanza. Daktari akishatazama vidole, mwombeni apime pia presha, sukari na mafuta ya damu.