Mwache aanzishe wimbo

Mwaka 2005 mpiga gitaa wa Mali, Ali Farka Touré, aliingia studio jijini London akiwa na saratani ya mifupa. Pembeni yake alikaa rafiki yake, Toumani Diabaté, na ala yake, kora ya nyuzi 21. Maumivu yalikuwepo, na nyimbo zikarekodiwa. Ali alifariki Machi 2006. Albamu ya nyimbo hizo, Ali and Toumani, ilitoka 2010, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Grammy.

Lakini sisi tukienda kumjulia hali mgonjwa hubeba matunda na pole nyingi. Tunamuuliza kuhusu dawa, tunamuuliza kuhusu usingizi, tunaaga. Ni nadra kumuuliza angependa kufanya nini. Muziki hauponyi saratani. Ila ukiupiga na mwenzako huna budi kumsikiliza, kumpisha na kumjibu. Kwa muda huo hakuna wa kuhurumiwa, kuna wapigaji wawili wanaotegemeana.

Una rafiki anayeumwa ambaye zamani aliimba kwaya au kupiga ngoma? Leo usiende na pole tupu. Mwombe aanzishe wimbo, nawe uitikie. Akichoka, pokea wewe.