Aliyerusha Vibaya Ana Deni

Mtu anayeleta faida na mtu anayezuia hasara, tukiwapima, tuwapime kwa mizani gani? Swali hili ni la zamani, na wengi hulijibu haraka kwa methali: kinga ni bora kuliko tiba. Lakini ukifika wakati wa kugawa kazi, pesa au sifa, hao hao waliotamka methali humpa yule aliyeonekana.

Nataka tulichunguze swali hili kwenye mchezo ambao wengi wetu hapa kambini hatuuchezi: besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani. Sababu ni moja. Ni mchezo unaoandika karibu kila kitu kwenye daftari: kila mpira uliorushwa, kila uliopigwa, kila kosa na jina la mkosaji. Kama kuna mahali ambapo kazi ya kuzuia ingehesabiwa kwa haki, ilitakiwa iwe hapo. Hebu tuone.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Kuna beisi nne zilizowekwa pembe za mraba, na kutoka beisi moja hadi nyingine ni mita 27 na kidogo. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, kisha anakimbilia beisi ya kwanza mbio zake zote. Walinzi wakiuokota mpira uliobiringika chini, wanamtupia mwenzao aliyesimama kwenye hiyo beisi ya kwanza. Ukifika kwenye glavu yake kabla mpigaji hajaikanyaga beisi, mpigaji yuko nje. Asipotolewa, akazunguka zote nne mpaka akarudi nyumbani alikoanzia, timu yake inapata pointi moja. Zamu ikigeuka, walinzi wanakuwa wapigaji. Kwa hiyo mchezaji karibu kila mmoja ana kazi mbili, kupiga na kulinda, na anayemchagua lazima azipime zote mbili.

Sasa, mlinzi wa beisi ya kwanza ana sifa yake. Watu husema pale ndipo unapomficha mtu mzito mwenye nguvu ya kupiga. Bill James, mwandishi aliyebadilisha namna Wamarekani wanavyohesabu mchezo huu, alizipanga nafasi za ulinzi kuanzia rahisi hadi ngumu, na beisi ya kwanza akaiweka upande wa rahisi kabisa. Katika hesabu moja inayotumika sana kwa ligi kuu, mlinzi wa beisi ya kwanza aliyecheza msimu mzima wa mechi 162 anakatwa pointi 12.5 kwa sababu tu ya mahali anaposimama. Yule anayesimama kati ya beisi ya pili na ya tatu anaongezewa 7.5. Mwaka 2020 Detroit Tigers walimchagua Spencer Torkelson wa Arizona State kuwa namba 1 kati ya vijana wote waliochaguliwa na timu za ligi kuu mwaka ule. Chuoni alikuwa mlinzi wa beisi ya kwanza. Wao walimtangaza kama mlinzi wa beisi ya tatu.

Tuseme ukweli: hesabu hiyo si ya uongo. Kwenye beisi ya kwanza tofauti kati ya mlinzi mzuri na wa kawaida ni ndogo kuliko tofauti kati ya mpigaji hodari na wa kawaida. Tuchukue mfano wa kubuni. Kocha ana vijana wawili. Wa kwanza, kwa gongo lake, anaiongezea timu pointi 20 kwa msimu kuliko mchezaji wa wastani, na kwa glavu ni wa kawaida tu. Wa pili anaongeza 12 kwa gongo, na kwa glavu anazuia 5. Ishirini kwa kumi na saba. Anayemchukua wa kwanza hajamdhulumu mtu, maana pointi iliyozuiwa ni sawa na pointi iliyofungwa, wala haizidi kwa sababu tu ni ya mnyonge.

Lakini badilisha kidogo. Wa pili alete 16 kwa gongo, glavu ibaki 5. Sasa ana 21. Kocha aliyezoea kuandika sifuri kwenye safu ya glavu atamchukua wa kwanza tena, na safari hii amekosea, na hakuna kitu kitakachomwambia kwamba amekosea. Kusema kwamba kazi hii ni ndogo ni jambo moja. Kuihesabu kuwa si kitu ni jambo jingine. Dhuluma nyingi hupita katikati ya hayo mawili.

Kwa nini safu ya glavu iwe rahisi kuachwa tupu? Angalia daftari linavyoandikwa. Kijana anaokota mpira, anautupa kwa haraka, unaenda chini, unagonga vumbi hatua moja mbele ya beisi. Mlinzi wa beisi ya kwanza asipoudaka, mpigaji akapona, daftari linaandika kosa kwa jina la aliyetupa. Akiuchota kutoka kwenye vumbi huku mguu bado umegusa beisi, daftari linaandika mpigaji yuko nje, aliyetupa ametoa msaada, aliyedaka amemtoa. Maandishi hayo ni yale yale yangeandikwa kama mpira ungemfikia kifuani, laini, bila shida yoyote. Mpira wa kifuani na mpira wa vumbini vinafanana kabisa karatasini.

Maana yake nini? Ubora wa mtu huyu unaonekana kwenye rekodi za wengine. Wenzake watatu wanamaliza msimu na makosa machache, wanasifiwa kuwa na mikono safi. Pia wanakuwa na ujasiri: mpira wa mbali ambao wangeubakiza mkononi kwa woga, wanautupa, kwa kuwa wanajua yupo mtu wa kuupokea. Huo ujasiri nao hauna safu. Kibaya zaidi, asilimia ya ulinzi hupatikana kwa kulinganisha mipira aliyofanikiwa nayo na makosa aliyoandikiwa. Mvivu asiyeufikia mpira kabisa haandikiwi kosa. Anayejinyoosha akaugusa ukamponyoka, anaweza kuandikiwa.

Wakati mwingine kazi hii inaonekana. Tarehe 22 Juni 2023, mjini Omaha, chuo cha Louisiana State kilikutana na Wake Forest, mshindi aende fainali ya mashindano ya vyuo. Awamu ya nane, sifuri kwa sifuri. Wake Forest wana mkimbiaji beisi ya tatu, mita 27 tu kutoka nyumbani. Mpigaji wao akaugusa mpira kidogo tu kwa gongo ubiringike polepole, ili mwenzake apate muda wa kufika. Tre' Morgan, mlinzi wa beisi ya kwanza wa Louisiana State, akaukimbilia, akauokota na kuutupa nyumbani. Mkimbiaji nje. Ubao ukabaki sifuri. Awamu ya 11 Tommy White akaupiga mpira ukavuka uzio, mchezo ukaisha 2 kwa 0, na timu ikaenda kuchukua ubingwa.

Bila mpigo wa White, mechi ingeendelea. Bila mkono wa Morgan, huenda isingefika awamu ya 11. Nani alishinda mechi? Swali lenyewe limekaa vibaya. Ila soko lina jibu lake: Morgan alichaguliwa raundi ya tatu mwaka huo. Kwenye fainali walikutana na Florida, ambao walikuwa na Jac Caglianone, mlinzi wa beisi ya kwanza na pia mrushaji, aliyepiga mipira 33 kuvuka uzio msimu ule. Huyo mwaka uliofuata alichaguliwa wa sita. Sisemi soko lilikosea. Nasema kwamba hata Morgan tunamkumbuka kwa siku moja ambayo kuzuia kwake kulitokea mbele ya macho ya nchi nzima. Mipira yote ya vumbini aliyoichota siku za kawaida, nani anaikumbuka?

Atatokea wa kunipinga: basi tutumie macho, tuache namba. Hapana. Macho nayo yana upendeleo wake. Mwaka 1999, katika ligi kuu, tuzo ya glavu ya dhahabu kwa beisi ya kwanza alipewa Rafael Palmeiro, zao la chuo cha Mississippi State. Msimu huo alikuwa amelinda beisi ya kwanza mechi 28 tu. Mechi nyingi zaidi alikuwa anapiga bila kulinda. Hata zawadi ya kulinda, bwana, iliangukia kwa mpigaji mwenye jina. Na upande wa pili, mchezaji anayeruka na kugaragara hupendeza macho, kumbe mwenzake aliyesimama mahali sahihi tangu mwanzo hakuhitaji kuruka.

Hili si suala la mashabiki kubishana tu. Kwa miaka mingi, timu ya daraja la kwanza ya vyuo iliruhusiwa ufadhili kamili wa masomo 11.7 tu, ugawanywe kwa wachezaji wasiozidi 27. Utaratibu huo umekuja kubadilishwa, lakini fikiria kocha aliyekuwa na hizo 11.7 mkononi. Alikuwa anakata vipande: huyu nusu ya karo, huyu robo, huyu hapati. Kijana wa glavu akiandikiwa sifuri, mzazi wake alilipa hiyo sifuri kwa pesa taslimu. Na msimu wa chuo ni mechi 56 tu kabla ya mashindano ya mwisho, kwa hiyo namba za ulinzi ni chache na zinayumba. Hata namba za kupiga zina walakini wake, maana vyuoni wanatumia gongo la chuma na ligi kuu wanatumia la mti.

Basi mwamuzi afanyeje? Jibu langu ni kwamba kama daftari halina shahidi, shahidi yupo uwanjani. Ni yule aliyerusha vibaya. Yeye anajua mpira ulitoka mkononi mwake ukiwa umepinda. Anajua ni kosa la nani lilifutwa. Kocha mwenye haki atamwita na kumuuliza: ni mipira yako mingapi huyu amekuokolea? Na yeye mwenyewe ana wajibu wa kusema kabla hajaulizwa, hata kama kusema huko kunapunguza sifa yake. Anayenyamaza na mikono yake "safi" anakula jasho la mwenzake. Mizani ya haki haiwezi kukamilika kwa mwamuzi peke yake. Inahitaji walionufaika wafungue mdomo.

Ndugu zangu wa zoni na wa bloku, na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, mmeshajua ninapoelekea. Ripoti ya mwezi ina safu ya matukio. Sungusungu akizunguka usiku kucha na wizi usitokee, safu inaandikwa sifuri, na sifuri hiyo inasomeka kama vile hakufanya kazi. Mhamasishaji wa afya akipita nyumba kwa nyumba kuhimiza maji ya kuchemsha, mtoto ambaye hakuhara haandikwi kwenye daftari la zahanati. Mama anayepanga foleni ya bomba bila kelele hana picha kwenye ripoti. Picha anayo aliyekata utepe siku bomba lilipofunguliwa. Na bomba ni jambo kubwa, sikatai. Gongo linaleta pointi.

Ila mkataba mdogo unapofika wakati wa kuongezwa au kukatwa, msimuulize mtu huyo tu amefanya nini. Waulizeni majirani: siku asipokuwepo, kinabadilika nini? Na sisi majirani tusingoje kuulizwa. Wawili waliokaribia kupigana kwenye foleni wanajua ni nani aliyewatenganisha. Waende ofisini wakaseme.