Kabla Hujafunga Taa, Kagua Mpira wa Rejeta



Vijana wenzangu, leo naomba niwapeleke gereji. Najua wengine mmezoea tafakari ianzie kanisani, lakini hii ilianza chini ya gari, nikiwa nimelalia boksi, grisi hadi kwenye nywele. Na ina jambo ambalo nimekaa nalo muda mrefu kabla ya kuliandika.

Mwaka wangu wa kichungaji nilitumwa parokia moja ya vijijini huku Nyanda za Juu Kusini. Kigango cha mbali kabisa kiko kilomita kama 40, barabara ya udongo, milima mitupu. Gari la parokia lilikuwa Land Cruiser mkonga ya zamani, injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo. Paroko alijua napenda magari. Akanipa ufunguo, akasema, "Frateri, hii nakukabidhi. Itunze."

Nikajifunza kwa mzee mmoja fundi pale senta, na jioni naangalia video kwenye simu. Taratibu nikaanza kufanya servisi mwenyewe: kumwaga oili, kubadilisha filta, kupiga grisi. Yule mzee alikuwa na msemo wake: "Hii injini haifi, Frateri. Huwa inauawa." Nilicheka. Sikujua ananiambia mimi.

Taa mpya, mpira wa zamani

Siku moja vijana wa parokia walichangishana wakanipa hela ya kulihudumia gari. Fundi alikuwa ameshanionyesha mpira wa juu wa rejeta. "Bonyeza hapa," akasema. Nikabonyeza. Ulikuwa umelainika kama mkate, umevimba karibu na klipu, una nyufa ndogo ndogo. "Badilisha huu."

Nikasema sawa, mwezi ujao. Hela ile nikanunua taa mbili kubwa za LED za kufunga mbele, na rangi ya rimu. Bei ya mpira haikufika hata bei ya taa moja. Lakini mpira nani angeuona? Taa kila mtu aliziona. Nikapiga picha, nikaweka status.

Wiki chache baadaye, saa tatu usiku, katekista wa kile kigango cha mbali akapiga simu. Kuna mzee yuko hoi. Hajaungama miaka mingi, sasa anaomba padre. Paroko akachukua mafuta ya wagonjwa na stola, tukaondoka. Mvua ilikuwa imekatika. Taa zangu zilimulika mlima mzima, na nakiri nilijisikia fahari.

Kama kilomita ya 25, kwenye mlima, mshale wa joto ukapanda. Kabla sijasimama vizuri, puu! Mpira umepasuka. Mvuke mweupe ukajaa mbele yetu, na taa zangu mpya zikaumulika vizuri sana.

Rejeta ikiwa ya moto huwezi kuifungua, maji yanatoka kwa nguvu yanakuunguza uso. Mtandao hakuna. Paroko hakunigombeza. Alichukua tochi, akaanza kutembea kwa miguu. Mimi nikabaki, nikasubiri injini ipoe, nikafunga mpira kwa vipande vya tyubu na waya, nikachota maji mtoni, nikalegeza kifuniko cha rejeta ili presha isipasue tena. Nikafika kigangoni alfajiri, taratibu, nasimama kila baada ya kilomita chache.

Paroko alikuwa amepata bodaboda kijiji cha mbele, akafika saa sita na nusu. Mzee alikuwa amefariki dakika kama ishirini kabla.

Binti yake alinipokea, akanipa uji. Hakuwa na hasira. Alisema tu, "Alikuwa anauliza, gari halijasikika? Kila pikipiki ikipita, anauliza." Sikuweza kumaliza ule uji.

Njiani kurudi nilimwambia Paroko, "Gari limezeeka, Padre." Akanyamaza. Ni kweli gari lilikuwa limezeeka, lakini mimi nilidanganya. Ilinichukua siku mbili kwenda kumwambia habari ya mpira na ya hela. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mungu hakuwa anasubiri gari letu ndipo afike kwa yule mzee. Lakini sisi tulitumwa, na hatukufika." Nikaomba kuungama siku ileile, kwa padre mwingine.

Dhambi ya "mwezi ujao"

Kwenye Misa tukikiri makosa yetu hatuishii kwenye mawazo, maneno na matendo. Tunataja pia wajibu ambao hatukuutimiza. Mimi hapo nilikuwa napita haraka. Siibi, silewi, basi niko salama. Lakini mpira ule haukupasuka kwa sababu nilifanya kitu kibaya. Ulipasuka kwa sababu kitu chema nilichokijua nilikiahirisha. Mtume Yakobo ana neno juu ya hilo kwenye barua yake: anayejua jema la kutenda asilitende, kwake ni dhambi.

Na sisi vijana, tuseme ukweli, tunapenda taa. Rozari nzuri mkononi, fulana ya kongamano, picha ya hija, novena tunazosambaza kwenye magrupu. Hayo si mabaya. Swali langu ni moja tu: mpira ukoje? Yule uliyegombana naye nyumbani, mmeshaongea? Ile video unayoangalia usiku peke yako? Lile deni? Kitubio cha mwisho kilikuwa lini? Kuna sehemu moyoni ambayo ukiibonyeza leo utasikia imelainika. Unaijua. Hata mimi niliujua mpira wangu.

Ukague injini ikiwa baridi

Kanuni ya kwanza aliyonifundisha fundi: gari linakaguliwa asubuhi, kabla hujawasha, likiwa sehemu tambarare. Vuta kijiti cha oili, futa, rudisha, vuta tena. Angalia kulanti, usijaze maji matupu kila siku, maji yanaleta kutu ndani. Angalia chini kama kuna matone. Bonyeza mipira. Pima upepo wa tairi zikiwa baridi, maana zikishatembea zinapata joto na kipimo kinadanganya. Dakika kumi tu.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwafundisha watu kuikagua dhamiri kila siku, na ukaguzi wake unaanza kwa kumshukuru Mungu, ndipo unaomba mwanga uone makosa. Nao hauchukui muda. Lakini wengi wetu tunajikagua mvuke ukishatoka: nimefumwa, nimeachwa, nimefeli. Wakati huo moyo uko moto, hata kifuniko hakifunguki. Jikague ukiwa mtulivu, kila usiku kabla hujashika simu mara ya mwisho.

Oili nyeusi

Mara ya kwanza kubadilisha oili kwenye dizeli nilishtuka. Nimeweka mpya, inang'aa kama asali, baada ya siku chache nyeusi tii. Nikadhani nimeuziwa feki. Fundi akanieleza: oili ya dizeli inawahi kuwa nyeusi kwa sababu inabeba masizi. Ikibaki safi kama siku ya kwanza ndipo ujiulize masizi yako wapi. Tatizo linaanza usipoibadilisha. Kwa vumbi la barabara zetu tulikuwa tunamwaga kila kilomita 5,000, karibu lita 10 pamoja na filta.

Kuna kijana aliwahi kuniambia, "Frateri, mimi nimechoka kuungama yaleyale. Bora niache." Ndugu yangu, hakuna dereva anayesema, "Oili inachafuka kila mara, bora niache kubadilisha." Inachafuka kwa sababu unatembea. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, uliwataka waamini waungame walau mara moja kwa mwaka. Walau! Hicho ni kiwango cha chini. Gari linalopanda milima kila siku halisubiri mwaka.

Hapa kuna tofauti ya kuzingatia. Mimi nilijifunza kufanya mengi mwenyewe, na nakushauri nawe ujifunze. Lakini pampu ya dizeli sikuigusa. Ile inahitaji mashine ya kupimia na fundi wake. Ukiigusa kwa kubahatisha unaiharibu. Roho nayo iko hivyo. Kusali, kufunga, kusoma Injili, kuomba msamaha kwa ndugu, anza mwenyewe leo. Kujiondolea dhambi huwezi. Hakuna video itakayokufundisha. Lazima uende ukapige magoti mbele ya mtu mwingine, useme kwa sauti yako. Ndiyo maana ni kugumu, na ndiyo maana kunaponya.

Mkanda usiouona

Kwenye 1HZ kuna mkanda wa taimingi, umefichwa nyuma ya kava. Unabadilishwa kila kilomita 100,000. Hauonekani wala haupigi kelele. Ukikatika, valvu na pistoni zinaweza kugongana na injini ikaharibika vibaya. Unabadilishwa kwa kuhesabu kilomita. Huwezi kusubiri dalili, maana mara nyingi dalili yenyewe ni kukatika.

Sala ni mkanda huo. Siku ya kwanza usiposali hakuna kinachotokea. Wiki ya pili pia. Unatembea vizuri, unacheka, unaimba kwaya. Ndiyo hatari yenyewe. Kwa hiyo usisali kwa kusubiri ujisikie. Weka saa, ihesabu, iheshimu. Aristotle alisema fadhila tunazipata kwa kutenda tendo lilelile mara kwa mara, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kufanya kazi. Nilimsoma miaka mitatu darasani. Nilimwelewa nikiwa na spana mkononi.

Namba ya chesisi

Darasani pia tulijadili lile fumbo la kale analolisimulia Plutarch: Waathene waliitunza meli ya Theseus, ubao ukioza wanaweka mpya. Mbao zote zikishabadilishwa, je, ni meli ileile? Tulibishana hadi kengele ikalia.

Lile Land Cruiser limebadilishwa karibu kila kitu: springi, rejeta, milango miwili, rangi mara kadhaa. Lakini ukichuchumaa ukafuta matope kwenye chesisi, kuna namba imepigwa kwenye chuma. Ndiyo inayosema hili ni gari gani.

Siku ya Ubatizo ulipigwa alama ambayo Kanisa linafundisha kwamba haifutiki. Dhambi inaweza kuifunika kwa matope, miaka ikapita hujaingia kanisani, wewe mwenyewe ukasahau. Bado iko pale. Kijana unayesoma hapa na kujiona umeshakuwa spea mtupu, wewe si wa kukatwa vyuma chakavu. Futa matope. Una mwenye wako.

Basi tusifunge taa?

Tufunge! Taa za mlimani usiku zinaokoa maisha. Nami baadaye nilizifunga upya, safari hii kwa kufuata utaratibu: fyuzi karibu na betri, rilei, waya wa unene unaotakiwa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba neema haiondoi maumbile yetu, inayakamilisha. Lakini anza na kilicholegea. Matengenezo kwanza, maboresho baadaye. Wale wanawali watano wa Injili walikuwa na taa wote sawa na wenzao. Kilichowakosesha arusi kilikuwa ndani ya chupa.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Leo usiku kaa dakika kumi, simu iwe mbali, bonyeza moyo wako uone palipolainika. Andika kitu kimoja tu ambacho umekuwa ukikiambia "mwezi ujao". Kishughulikie kabla ya Dominika. Kama ni kitubio, muulize paroko wako saa anazokaa kitubioni. Usione aibu, hata saa tatu usiku mapadre wanatoka.

Na ukisali, umkumbuke yule mzee wa kigangoni. Mimi humwombea kila Misa. Ninaamini Bwana alifika mapema kuliko sisi. Ila kila nikisikia gari likipanda mlima usiku, nasikia lile swali lake: gari halijasikika? Nami naomba siku nitakapopewa daraja la upadre, kama Mungu akipenda, nifike.

Tusali

Ee Bwana Yesu, fundi seremala wa Nazareti, wewe uliyefanya kazi kwa mikono yako, tukague. Tuonyeshe tulipochoka kabla hatujapasuka. Utuondolee tamaa ya kuonekana, utupe uaminifu katika vitu vidogo ambavyo hakuna anayeviona. Uwapokee wote waliotusubiri nasi hatukufika. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.

Frateri wenu.