Nakala Chache za Uso Mmoja

Mwaka 1918, vita kuu ya kwanza ilipofikia mwisho wake, Karl Schmidt-Rottluff, mchoraji Mjerumani aliyekuwa askari katika upande wa mashariki tangu 1915, alichonga uso wa Kristo katika ubao. Alikuwa mmoja wa wale waitwao maekspresionisti, ambao hawajali kulinganisha maumbo, bali hutaka yaliyomo moyoni yaonekane wazi. Kwa hiyo uso ule si ule mpole tuliouzoea katika vitabu vya sala. Ni mkali, macho yake hayalingani, na katika paji zimechongwa tarakimu za mwaka: 1918. Chini yake maneno yanawauliza watu kama Kristo hakuwatokea.

Ubao wa namna hiyo hupakwa wino, karatasi hulazwa juu yake na kukandamizwa, na picha hutoka. Siku hizi ni desturi ya wachongaji kuweka hesabu. Wakikusudia nakala 50, kila moja hutiwa sahihi na namba yake kwa kalamu ya risasi. Kisha mara nyingi ubao huharibiwa, isitoke nyingine tena. Basi, wasomaji wapenzi, tujiulize: je, ni haki kuharibu kitu ambacho kingewafaa wengi, ili kipate thamani kwa wachache?

Tusihukumu kwa haraka. Mchongaji anastahili ujira wake kama fundi mwingine yeyote. Tena ubao huchakaa, na nakala za mwisho huweza kuwa hafifu. Zaidi ya hayo, namba ile ni ahadi. Aliyelipia moja katika 50 amepewa neno. Mwenye ubao akichapa ya 51 kwa siri, amevunja amri ya saba na ya nane kwa tendo moja. Kuweka hesabu, basi, si dhambi.

Lakini hesabu yaweza kuwa daraja, nayo yaweza kuwa ua. Katika Ulaya ya karne ya 15 michoro ya mbao ilikuwa picha za watu wa kawaida: mahujaji walinunua sura za watakatifu kwa bei ndogo, wakazibandika nyumbani mwao. Schmidt-Rottluff mwenyewe, pamoja na wanafunzi wenzake watatu, aliunda mwaka 1905 mjini Dresden kundi lililoitwa Daraja. Rafiki wa kundi hilo alitoa marki 12 kwa mwaka, akapelekewa michoro nyumbani. Na mwaka 1937, serikali ya Hitler ilipoziondoa katika majumba ya makumbusho kazi zake zaidi ya 600, ilidhihirika kwamba kilichogawiwa kwa wengi si rahisi kufutwa. Picha iliyo moja tu huteketea kwa moto mmoja. Iliyochapwa husalia katika nyumba nyingine.

Mtakatifu Thomas wa Akwino afundisha kwamba mtu aweza kumiliki mali kuwa yake, lakini katika kuitumia aihesabu kuwa ya wote, awe tayari kumshirikisha mhitaji. Hapa ndipo mnunuzi apime dhamiri yake. Akifurahia uso anaoutazama, amenunua picha. Akifurahi kwa sababu jirani yake hana, amenunua majivuno, na picha imempita.

Tena, kama uchache ndio ungekuwa kipimo cha thamani, fikirini mwaka ule uliochongwa katika paji la Kristo. Vita ile iliua mamilioni ya watu, na kila mmoja wao alikuwa nakala ya pekee, ambayo haitachapwa tena duniani. Upekee wao haukumzuia mtu kufyatua risasi. Kinachookoa si uchache wa kitu, ni upendo wa anayekitazama.

Basi aliye na picha adimu ailinde, wala asione haya kuilipia. Lakini awafungulie wengine mlango waione. Nakala za uso ule zilihesabiwa. Swali lililoandikwa chini yake limeulizwa kwa wote, na kila mtu atalijibu mwenyewe.