Waliojua ni Watumishi

Mbuzi wangu wa Krismasi huchinjwa na jirani yangu Mwislamu. Huja na kisu chake akishaswali alfajiri, maana nusu ya wageni wangu ni Waislamu, na hapa Tabora jambo hilo halihitaji maelezo. Idi ikifika, nami nakula pilau kwao. Miaka mingi niliamini kwamba kwa mbuzi huyo ukarimu wangu umetimia.

Mwaka juzi niliingia jikoni kufuata chumvi. Wageni walikwisha kula, maembe yalikwisha menywa. Binti anayenisaidia kazi alikuwa amechuchumaa kando ya jiko la mkaa, anakwangua ukoko kwa mwiko. Nyama haikubaki hata kipande. Alikuwa ameamka saa kumi usiku kuchambua mchele. Aliponiona aliuficha mwiko nyuma ya mgongo, akasema, "Samahani, mama."

Usiku ule nilimkumbuka Feraji, mpishi wa Stanley. Desemba 1871, Stanley na Livingstone walikuwa Ujiji, wiki sita tangu wakutane. Stanley akataka Krismasi iliwe kama kwao. Kondoo, mayai, maziwa, samaki na ndizi vikatafutwa. Feraji akaiharibu nyama, karamu ikavurugika. Stanley aliandika mwenyewe kwamba kilichomwokoa mpishi na kipigo ni udhaifu ulioachwa na homa: mkono haukuwa na nguvu ya kuinuka. Februari 1872 wazungu hao wawili walifika Kwihara, karibu na hapa Tabora. Nimeingia katika tembe walimokaa mara nyingi, nikipeleka wageni, na kila mara nimesimulia habari za Livingstone. Feraji sikuwahi kumtaja.

Kuhusu nani aitwe karamuni, katika Luka 14 Yesu anamwambia mwenyeji asiwaite marafiki wala majirani matajiri, kwa kuwa nao watamwita. Awaite maskini, viwete na vipofu. Neno hilo lilinikosesha raha. Je, nisiwaalike tena walimu wenzangu wastaafu, watu tuliozikiana wazazi? Siamini. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni wa Zakayo, akaenda harusini Kana. Jirani yangu ndiye aliyenifungua macho, bila kukusudia, aliponikumbusha kuwa zaka ya fitri hutolewa kabla ya swala ya Idi. Maskini apate chakula chake kwanza, ndipo watu wasimame kusali. Basi swali si nani aitwe tu. Ni nani anayetangulia, na nani anayengoja mabaki.

Nikarudi Kana, katika Yohana 2. Mkuu wa meza alionja divai asijue imetoka wapi. Waliojua ni watumishi walioyateka maji. Nilikuwa nimeisikia Injili hiyo tangu utoto, na sikuwahi kujiuliza kwa nini Mungu aliuonyesha muujiza kwanza kwa watu wa ndoo, si kwa waliokaa. Sasa naamini haikutokea bure. Karamu isiyomwona aliyeipika haiwezi kuwa ibada, hata ikibarikiwa na padri.

Krismasi iliyopita nilimwomba binti akae kwanza. Alikataa mara mbili, kwa aibu. Mara ya tatu jirani yangu alisogeza kiti chake, akamwambia, "Kaa, mwanangu, tumekungoja." Nikampakulia mimi, paja la mbuzi na wali wa juu, kabla ya mgeni yeyote.

Msomaji wangu, kabla hujasema sala ya chakula mwaka huu, nenda jikoni umwite aliyepika.